Tulimchagua Ruto kwa kumwogopa Raila, na sasa tunatafutiwa mwingine wa kumwogopa

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni karani wa mishahara katika kampuni ndogo hapa Nakuru. Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022 nilimpigia kura William Ruto. Sikuvutiwa na wilbaro, nembo ya chama chake, wala sikuamini sana zile hotuba za uchumi wa kutoka chini kwenda juu. Nilimpigia kwa sababu nilimwogopa Raila Odinga, na nilimwogopa kwa kuwa nyumba niliyolelewa ilimwogopa. Najua si mimi peke yangu, ingawa siku hizi ukiwauliza majirani zangu watakuambia kwamba walidanganywa na ahadi. Kwa maoni yangu hatukudanganywa na ahadi, maana hatukuzisikiliza. Tulikuwa tukisikiliza jina la yule tusiyemtaka, na lilipotajwa kuwa limeshindwa tukaenda kulala.

Naomba nieleze woga huo uliingiaje nyumbani kwetu, kwa sababu bila hilo mtanielewa vibaya.

Mama alikuwa na shamba la ekari mbili upande wa Molo. Januari 2008 alitoka huko usiku akiwa na mimi, dada yangu mkubwa na mtoto wa dada aliyekuwa na miaka miwili. Alibeba godoro na sufuria moja, na hati ya shamba alikuwa ameifunga kwenye leso kiunoni. Nilikuwa kidato cha pili. Tuliishi kwenye hema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru mpaka mvua za masika zikatukuta humo. Ghasia za msimu ule ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini, na nikisema kwamba mama alikuwa na sababu ya kuogopa sitanii, kwa sababu hema lile nimelala ndani yake.

Lakini kuna jambo ambalo nyumbani hatukulizungumza kwa miaka mingi. Katika uchaguzi ule wa Desemba 2007 Raila ndiye aliyekuwa mgombea wa ODM, na Ruto alikuwa miongoni mwa vigogo wa chama hichohicho, tena kigogo wa eneo lile tulilotoroka. Ndani ya hema letu majina hayo mawili yalitajwa kwa pumzi moja. Ilipofika 2013, Uhuru Kenyatta na Ruto wakaungana wakiwa wote wawili na kesi za ghasia zile kwenye mahakama ya kimataifa ya The Hague, na mama akaambiwa kanisani, redioni na sokoni kwamba Ruto sasa ni wetu. Aliitikia. Wote waliitikia. Hakuna aliyekaa chini akauliza ule woga tuliokuwa nao juu ya Ruto umekwenda wapi. Ninavyoona mimi haukwenda popote. Ulihamishwa tu ukarundikwa juu ya Raila, ambaye kuanzia hapo alibeba wa kwake na wa mwenzake.

Ndiyo maana handisheki ya Machi 9, 2018 haikutugusa. Uhuru, Rais wa wakati huo na mtoto wetu wenyewe wa Mlima Kenya, alimshika Raila mkono, na miaka minne baadaye akatusihi tumpigie kura. Tulikataa. Raila akamteua Martha Karua wa Kirinyaga kuwa mgombea mwenza, na hata Kirinyaga yenyewe ikampa Ruto kura kwa wingi. Matokeo yalipotangazwa katika ukumbi wa Bomas, Nairobi, Ruto alikuwa na kura 7,176,141 na Raila 6,942,930. Tofauti ilikuwa 233,211. Wagombea wengine wawili, George Wajackoyah na David Mwaure, kwa jumla hawakufikisha hata asilimia moja. Na kati ya watu zaidi ya milioni 22 waliojiandikisha, zaidi ya theluthi moja hawakufika kituoni.

Nimezitazama sana takwimu hizo. Zinaonyesha nchi iliyogawanyika nusu kwa nusu, na siwezi kujua ni wangapi katika kila nusu walikuwa wakimtaka mtu wao na wangapi walikuwa wakimkimbia wa pili. Sanduku la kura halina nafasi ya kuandika hilo. Mshindi hupokea kura ya woga na kura ya mapenzi zikiwa zimechanganywa, na huzihesabu zote kuwa za mapenzi.

Anayepiga kura ili apate kitu, iwe barabara, mbolea au bei ya maziwa, atakaa akiulizia kitu hicho mpaka akione. Anayepiga kura ili fulani asipate, anakuwa amelipwa deni lake lote siku fulani anaposhindwa. Sisi tulilipwa Septemba 5, 2022, siku ambayo Mahakama ya Juu ilitupilia mbali kesi ya Raila ya kupinga matokeo. Mama alizima redio akasema, "Sasa tulale." Baada ya siku hiyo hatukuwa na la kudai. Naambiwa kuna kaunti ambazo zilitia saini mikataba ya kiuchumi na Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, wakati wa kampeni. Kwetu sijawahi kumkuta mtu anayekumbuka hata kipengele kimoja.

Naendelea hapa chini.

Kwa kuwa kazi yangu ni hesabu, mtaniruhusu niwaonyeshe jinsi nilivyoshuhudia mambo kutoka mezani pangu. Nitachukua watu wawili: dereva anayelipwa shilingi 50,000 kwa mwezi na bawabu anayelipwa 16,000.

Mwishoni mwa 2022 dereva alikuwa akikatwa 1,200 za NHIF (bima ya afya) na 200 za NSSF (akiba ya uzeeni), jumla 1,400, kando na kodi ya mapato. Februari 2023 NSSF ikaanza kupanda, na hapa lazima niwe mkweli kwamba sheria yenyewe ilitungwa 2013 na ilikuwa imekwama mahakamani, tena fedha hizo ni akiba yake ya uzeeni. Julai 2023 yakaja makato ya nyumba, ya kujengea nyumba za bei nafuu, asilimia moja na nusu ya mshahara wote, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Mahakama ikayatangaza kuwa kinyume cha Katiba mwezi Novemba, mwanzoni mwa 2024 tukasimama, kisha Machi sheria mpya ikapitishwa nasi tukaanza tena. Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, ikaja bima mpya ya afya, SHIF, ya asilimia 2.75 ya mshahara. Kufikia 2025 dereva huyohuyo, kwa mshahara uleule, alikuwa akikatwa 1,375 za SHIF, 750 za nyumba na 3,000 za NSSF, yaani 5,125. Bawabu alitoka 800 akafika 1,640, ingawa ukitazama bima peke yake yeye alipunguziwa, kutoka 600 hadi 440. Hilo halisemwi, nami nalisema kwa sababu ndimi niliyeingiza tarakimu hizo.

Kila mabadiliko yalipokuja, watu walipanga foleni mezani pangu wakiwa na hati zao za mshahara mkononi, wakidhani nimekosea. Dereva alikuwa mtu wa kampeni hasa, mwenye kofia ya njano na shati la njano, rangi ya chama cha Ruto. Julai ile ya 2023 aliishika hati yake akaisoma mara mbili, akapitisha ukucha chini ya mstari wa makato ya nyumba, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Lakini hebu fikiria ingekuwa ni yule mwingine." Nikamwitikia. Nilikubaliana naye kabisa! Mafuta yalikuwa yameongezewa kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba ya mwaka huo petroli ikavuka shilingi 200 kwa lita Nairobi, na bado sentensi ile ilitutosha. Ilifanya kazi kama dawa ya maumivu, kwamba huponi lakini unaweza kurudi kazini.

Sitaki uzi huu uwe wa kumlaani Ruto tu. Mbolea ya ruzuku aliishusha hadi shilingi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50 mara alipoingia, na mwaka uliofuata hadi 2,500, na mama aliipata na mahindi yake yakakubali, kabla ya sakata la mbolea feki la 2024 kumtia wasiwasi. Shilingi iliyokuwa imefika 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024 ilirudi karibu na 130. Deni la nchi alilikuta. Kwa upande mwingine, Hazina ya Hasla iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, na ambayo tuliambiwa ingewainua akina mama wa mandazi, ilimpa mama mkopo wa kwanza wa shilingi 500, ikatoa asilimia tano kuwa akiba, zikaingia 475 kwenye simu yake. Alizitazama, akanunua unga na mafuta, akalipa ndani ya siku kumi na nne, kisha hakuomba tena. Hakukasirika. Alisema tu kwamba chama chao cha kina mama kinampa zaidi na hakimtumii ujumbe wa kumkumbusha alfajiri.

Kwa hiyo tatizo langu si kwamba kiongozi tuliyemchagua hakufanya lolote. Tatizo ni kwamba kwa miaka miwili hatukuweza kumuuliza chochote, kwa sababu kila swali lilizimwa na jina la mtu mwingine ambaye hata hakuwa madarakani.

Waliolivunja hilo ni watoto. Mpwa wangu, yule aliyebebwa mgongoni kutoka Molo akiwa na miaka miwili, alikuwa na miaka kumi na minane Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoletwa ukiwa na kodi ya mkate, kodi ya magari na nia ya kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi. Juni 25, siku ambayo Bunge lilivamiwa Nairobi, yeye alikuwa barabarani hapa Nakuru. Alirudi nyumbani jioni na kiatu kimoja, macho mekundu kwa gesi ya machozi. Nilimgombeza. Nikamwambia anacheza mchezo ambao mwisho wake utamnufaisha Raila. Aliniangalia kana kwamba nimetaja mtu wa kwenye kitabu cha historia. "Mjomba," akaniuliza, "Raila amenifanya nini mimi?"

Nilitafuta jibu. Nilikuwa na hema, godoro na hati ya shamba kiunoni mwa bibi yake, lakini katika picha hiyo hakukuwa na Raila peke yake. Alikuwemo pia yule niliyempigia kura. Nilinyamaza. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatatia saini mswada ule, na kufikia Julai 1 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa.

Kilichofuata mnakijua, nitakipitia kwa haraka. Julai 2024 Ruto alivunja baraza lake la mawaziri, na kabla mwezi haujaisha akawateua watu wa ODM: John Mbadi Hazina ya Kitaifa, Opiyo Wandayi Kawi, Hassan Joho Madini, Wycliffe Oparanya Ushirika. Oktoba Bunge likamwondoa Naibu Rais, Rigathi Gachagua, ambaye ndiye aliyetuambia kwamba serikali ni kampuni na sisi tuna hisa. Machi 7, 2025 Ruto na Raila wakatia saini mkataba wa maelewano pale KICC. Yaani yule tuliyempigia kura ili amzuie mwingine, ndiye aliyemfungulia mlango. Waziri aliyewekwa kusimamia Hazina ya Kitaifa ametoka katika chama tulichokuwa tukikikimbia, na hakuna ng'ombe aliyeibwa wala nyumba iliyochomwa kwa sababu hiyo.

Dereva wetu aliacha kuvaa shati la njano. Ile sentensi yake haikuwa na mahali pa kusimama tena.

Raila alifariki India Oktoba 15, 2025, akiwa na miaka 80. Mama aliitazama televisheni siku zote, kuanzia mwili ulipotua Oktoba 16 hadi mazishi ya Bondo tarehe 19. Sikutarajia. Siku ya ibada ya Uwanja wa Nyayo nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa kiti, maharagwe ya kuchambua yako mapajani na hayajachambuliwa. Zilikuwa zikionyeshwa picha za zamani, za Raila akiongea polepole na wajukuu. Mama akasema, "Mwanangu, nimemwogopa mtu huyu miaka kumi na minane, na sauti yake ya nyumbani sijawahi kuisikia." Hakulia. Aliendelea kuchambua maharagwe, na baada ya muda akaniuliza ni nani anayesemwa sasa kwamba tusimkubali.

Swali hilo ndilo lililonileta hapa, kwa sababu jibu lipo tayari. Kwenye matatu, kwenye vikundi vya WhatsApp na katika mazishi ya hapa kwetu, kampeni ya Agosti 2027 imeshaanza, na imeanza kwa kutisha. Wa Tutam, wanaotaka Ruto apate muhula wa pili, wanatuambia kwamba tukimwondoa Ruto tutaletewa Gachagua na ukabila wake, na kwamba sisi wa Bonde la Ufa tunajua ukabila unaishia wapi. Wa Wantam, wanaotaka aishie muhula mmoja, wanatuambia kwamba yeyote ni afadhali, hata jiwe, mradi Ruto aondoke. Sentensi ni ileile ya dereva, imegeuzwa tu. Hakuna hata kambi moja iliyoniambia makato ya nyumba yatabaki au yataondoka.

Nyongeza, baada ya kusoma michango yenu:

Ndugu wa Kisumu ameandika kwa uchungu kwamba sisi wa Mlima Kenya na jamaa zetu wa Bonde la Ufa tumemgeuza Raila kuwa zimwi kwa miaka ishirini, na leo tunajutia hadharani huku mwenyewe hayupo kusikia. Nakubali, na sina la kujitetea. Hata hivyo nimemuuliza swali ambalo bado analitafakari: je, yeye mwaka 2022 alimpigia kura Raila kwa sababu ya zile shilingi 6,000 kwa familia maskini zilizoahidiwa na Azimio, muungano wa Raila, au kwa kumwogopa Ruto? Na vyama vilipoungana, aliulizwa na nani? Kuna watu upande ule waliompigia Raila ili Ruto asiingie, nao wakaamka Julai 2024 wakakuta kura yao imepelekwa Ikulu kwa mlango wa nyuma. Kwa hilo sisi na wao tumepanda daladala moja, kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania.

Dada wa Mombasa ameleta methali, kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, na kwa hiyo ni heri kubaki na huyu tunayemjua. Naiheshimu methali, lakini naomba tuisome vizuri. Haisemi kwamba zimwi hilo halikuli. Linakula, linabakisha. Na anayekushauri ubaki nalo angalau akuambie limepanga kubakisha kiasi gani.

Kuna mkuu mwingine ameuliza kwa kebehi kama suluhisho langu ni kumpigia kura mgombea wa tatu, apate asilimia 0.44 kama Wajackoyah. Swali ni zuri kuliko sauti aliyolitumia. Katiba yetu inadai mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti, na kama hakuna aliyefikisha kiwango hicho kunakuwa na duru ya pili. Nafasi ya kumpigia unayemtaka kwanza na kumzuia usiyemtaka baadaye imo katika sheria. Hatujawahi kuitumia hata mara moja, kwa sababu tunaogopa kuanzia duru ya kwanza. Lakini sidai kwamba mgombea wa tatu ni dawa. Anaweza naye kuwa wa kutengenezwa.

Ninachokifanya mimi ni kidogo, na wengine wameshanicheka. Nimechukua hati ya mshahara ya dereva, nikafuta jina, nikaitoa nakala. Wanaotaka ubunge wameanza kupita mtaani kwetu, na wakifika kwa mama huwa wanaketi kwenye kiti kilekile alichotazamia mazishi. Nawapa nakala na kalamu. Nawaomba waandike pembeni ya kila mstari kama wataupigia kura ubaki, upunguzwe au uondolewe, kisha waweke saini. Mpaka leo wamepita wanne. Watatu walianza kunieleza habari za yule mwingine, na kalamu wakairudisha mezani. Wa nne aliandika mstari mmoja, ule wa nyumba, "upunguzwe", akaweka saini na tarehe, akamwomba mama maji ya kunywa. Karatasi hiyo mama ameiweka pamoja na hati ya shamba.

Swali la mwisho limeulizwa na wengi: kama ningerudishwa Agosti 2022, ningempigia Raila? Nadhani nisingempigia. Mama alikuwa mbele yangu kwenye mstari, ameshika kitambulisho kwa mikono miwili, na nilijua alichokuwa akikikumbuka. Ningefanya vilevile. Ila nisingezima redio Septemba 5.

Wale wa Kakamega, Kitui, Garissa na Eldoret hamjasema nyinyi mliambiwa mumwogope nani. Nasubiri michango yenu.